Oili ya kopo la bluu: kumbe kwenye grupu letu la baiskeli Tanga tulikuwa tunaishi na chawa wa kulipwa

Spoku_Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu salama. Huu uzi nimeukalia wiki mbili najiuliza niuandike au yapite tu, maana mhusika ni kijana wa hapahapa mjini na mama yake tunasalimiana. Kwa hiyo jina sitaji, kampuni sitaji, na oili yenyewe nitaiita ya kopo la bluu, anayeijua kashaijua.

Kwa wageni kwanza. Tanga baiskeli si mazoezi, ni miguu. Mji umelala tambarare, toka Ngamiani barabara ya ishirini mpaka Raskazone hukuti pa kusema hapa nishuke nisukume, ndo maana mzee wa miaka sabini unamkuta na Phoenix yake kafunga kapu kwenye karia anaenda zake sokoni wala hahemi. Sisi kundi letu ni la wale tuliopitiliza. Jumamosi alfajiri tunatoka watu kama ishirini, mwenye mtumba wa Japani wa gia saba yumo, mwenye Phoenix ya babu yake yumo, tunapita Pongwe tunakwenda Muheza, chai na maandazi, tunarudi. Au tunakata njia za mashamba ya mkonge huko Amboni tunarudi na pancha na kelele. Na grupu la WhatsApp ndo baraza letu, mtu akiuliza friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) napata wapi ndani ya dakika tano kashaambiwa fundi gani, barabara ya ngapi, na bei ikizidi hapo ondoka.

Ugonjwa wetu watu wa pwani ni kutu. Baiskeli ilaze nje siku tatu karibu na bahari, cheni inageuka rangi ya kashata. Kwa hiyo kwenye grupu habari ya oili haiishi, kuna wa oili ya cherehani, kuna wa oili chafu ya pikipiki, na kuna mmoja wa mafuta ya nazi ambaye tumeshamwachia Mungu.

Sasa mwaka huu akaingia kijana mpya. Na hapa ndo naomba mnielewe vizuri, HAKUTANGAZA KITU. Miezi miwili mizima aliuliza maswali ya kawaida, alikuja na sisi Muheza mara mbili, mzee wetu mmoja alipofiwa na mke alituma rambirambi elfu tano kwenye simu ya mfiwa. Mwezi wa tatu ndo akauliza, "Wazee hivi kuna mtu ashatumia hii ya kopo la bluu? Mjomba kaniletea toka Dar, sijui ndo yenyewe au wameniuzia." Kauliza! Hajasifia. Kesho yake namba nyingine, nayo ilikuwa imo grupuni kitambo kimyakimya, ikajibu mie natumia, cheni haijalia mwezi mzima, ila kifuniko chake kinavuja kimenichafulia begi.

Mie nikauzwa na hicho kifuniko. Nikajisemea, chawa anayelipwa kusifia angesema kinavuja? Nikatoa elfu kumi na tano yangu.

Wiki ya sita cheni inasaga kama kinu. Nikaenda kwa fundi wangu, mtu mzima, namwamkia shikamoo kabla sijaegesha. Hakusema neno, akachukua rula ya shule ya mjukuu wake, akaweka sifuri kwenye pini moja, akahesabu pini ishirini na nne mbele. Cheni nzima hapo inatakiwa isome inchi 12 kamili. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Yangu ilizidi moja ya nane, maana yake imeshakula na meno ya friwili, kwa hiyo nabadilisha vyote viwili. Akapitisha kidole kwenye cheni akanionyesha, mchanga mtupu. "Hii oili si mbaya," akasema, "ya kunata hii, ya nchi za mvua. Wewe unapita vumbini, unajitengenezea msasa."

Yaani oili si feki wakuu. Ni nzuri mahali pengine, na kwenye grupu mtu angesema hivyo siku ya kwanza. Na walisema! Nimerudi juu kusoma, watu watatu walilalamika cheni zao zinasaga, na kila aliyelalamika alijibiwa fasta na namba zilezile, "bro hukusafisha cheni kabla ya kupaka", "labda cheni yako ya zamani", wakanyamaza wakaona kosa lao.

Tulivyojua sasa. Usiku mmoja kijana akabandika grupuni meseji ambayo si ya kwetu. Ilikaa kama dakika moja akaifuta, ila tuna mwenzetu mlinzi halali usiku, akapiga skrinishoti. Ilisema: "Tanga, wiki ya 3. Namba B amjibu A. Taja safari ya wikiendi na mlima. Bei usitaje mpaka uulizwe."

Ndo nikakumbuka wiki ile alivyoandika oili imempandisha "mlima wa Chumbageni" kimya bila cheni kulia. Tulicheka tukajua utani. Mlima wa Chumbageni jamani!

Mkonge_Juu

Nimeweka kambi. Mlima wa Chumbageni 😂😂 huo mlima mie nimezaliwa hapo sijauona, labda lile tuta mbele ya duka.

BintiDonge

Mkuu umenigusa. Sie tuna grupu la kuoka keki na yametukuta yaleyale, ila kwetu ilikuwa krimu ya unga. Dada mmoja kaja na picha ya keki imesimama, joto la Tanga la mwezi wa pili, kila mtu akamkimbilia inboksi. Baadae shoga yangu wa Moshi akaniletea picha ileile toka grupu la kwao, jina jingine, eti kaoka birthdei ya mwanae. Mpaka kitambaa cha meza kilekile.

Lakini kilichoniuma si hiyo krimu. Juzi mwanagrupu wa siku nyingi kasifia oveni ya mkaa kachongewa na fundi mmoja Makorora, mtu mwaminifu kabisa, kaitumia mwaka mzima. Aliyemjibu kwanza kamuuliza, "wamekulipa shingapi?" Dada wa watu kaondoka grupuni.

Mpinga_Chai

Mnakuza mambo. Kijana kapata riziki, kampuni imeuza, nyie mmepata oili. Redioni mnasikia matangazo kutwa mbona hamfungui nyuzi? Anayedanganywa na meseji ya WhatsApp ajilaumu mwenyewe. Halafu huu ni ushamba wetu wa Kibongo, huko kwa wenzetu watu wako serious na kampuni zao.

Spoku_Mbovu

Redioni mkuu najua naongea na nani. Likianza tangazo naenda kuchota maji. Huyu alinikuta nimekaa na watu wangu, na mie ndo niliyemkaribisha chai Muheza nikamlipia.

Nilikuwa_Agency

Mpinga_Chai hapo kwenye "ushamba wa Kibongo" naomba nikukatalie, nimekaa kampuni ya matangazo Dar miaka kadhaa na haya mambo tulikuwa tunayasoma kabisa kama mifano.

2006 Sony walitaka kusukuma PSP, ile geimu ya mkononi, msimu wa Krismasi. Wakala wao wa masoko, Zipatoni, akafungua blogu ya vijana eti wanamsaidia mwenzao kubembeleza wazazi wamnunulie PSP. Lugha ya mtaani, video ya kurap, mbwembwe zote. Wacheza geimu wakainusa siku chache tu, wakaenda kuangalia anwani ya ile tovuti imesajiliwa na nani, wakakuta Zipatoni. Unaona mchezo ulivyo sawa na mlima wa Chumbageni? Wanaokamata siku zote ni wenye mchezo wao, maana wao wanajua mtu wa kwao anaongeaje. Sony wakakiri.

Taiwan 2013, mamlaka ya ushindani ya kule iliipiga Samsung faini ya dola milioni 10 za kwao, hizo ni laki tatu na zaidi za Marekani. Kosa, walilipa watu waandike mtandaoni kama raia wa kawaida, wasifie simu za Samsung na waponde za HTC. Kuponda nako ni kazi yenye malipo, hilo watu wanalisahau. Unakuta mtu anasema "mie ile nyingine iliniharibikia wiki ya kwanza", ukadhani anakuonea huruma.

Na kama mnataka wa hobi kabisa, 2011 kuna kampuni ya Marekani inaitwa Legacy Learning Systems, wanauza DVD za kujifunza gitaa nyumbani. Ilitoa dola 250,000 kumalizana na tume ya biashara ya kule, FTC, kwa sababu waliokuwa wanazisifia mtandaoni kama wanunuzi au wachambuzi huru walikuwa wanakula kamisheni kwa kila DVD ikiuzwa. Mtu anajifunza gitaa chumbani kwake, anatafuta mwenzie aliyeanza kama yeye amuulize, anaangukia kwa muuzaji.

Ila ninayempenda mie ni bosi. John Mackey, mmoja wa waanzilishi wa Whole Foods na bosi wake enzi hizo, maduka makubwa ya vyakula Marekani. Toka 1999 mpaka 2006 alikuwa anaandika kwenye majadiliano ya hisa ya Yahoo kwa jina la Rahodeb, herufi za jina la mke wake Deborah zimevurugwa. Anaisifu kampuni yake, anawaponda Wild Oats, wapinzani ambao baadae alitaka kuwanunua. Alifikia kusifia mpaka nywele zake mwenyewe, eti Mackey anapendeza. Siri ikatoka 2007. Huyo hakulipwa vijisenti, huyo tajiri.

Mkonge_Juu

Kusifia nywele zake mwenyewe 😂 huyo sasa ni chawa wa nafsi yake.

Mpinga_Chai

Sawa mkuu nimekuelewa, lakini hizo sheria za kwao. Hapa nani atamkamata nani?

Nilikuwa_Agency

Hapa tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, na inakataza mfanyabiashara kufanya jambo la kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani FCC ndo yenye kazi hiyo. Haijaandikwa "chawa wa WhatsApp" lakini kupotosha ni kupotosha. Tabu ni kumshika. Mteja anampa kazi wakala, wakala anampa mtu, mtu anampa kijana, na kijana hajui hata mteja ni nani. New York 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo ilibidi watu wake wajifanye wana duka la mtindi Brooklyn, wakapiga simu kuomba msaada duka linasemwa vibaya, ndo makampuni yakajileta yenyewe kuuza sifa za uongo. Wakanaswa 19, faini zao jumla zaidi ya dola 350,000. Na waandishi wenyewe walikuwa Ufilipino, Bangladesh na Ulaya Mashariki, dola 1 mpaka 10 kwa kila sifa. Hao wa chini ni watu kama kijana wenu.

kopo_tupu (amejiunga leo)

Shikamooni wakubwa. Ni mimi. Kaka Spoku asante kwa kutonitaja, mama yangu ana presha.

Sijaja kujitetea ila nimeona mmeandika vitu vingine sivyo ndivyo. Mie nilikuwa sina kazi toka nimalize chuo. Nikaona tangazo, kazi ya mtandaoni, simu yako na bando lako. Unaingizwa Telegram, bosi humjui, unaambiwa andika vitu unavyovipenda. Mie nikaandika baiskeli na mpira. Kwa hiyo baiskeli napenda kweli, hilo naomba muliamini hata kama mengine hamtaamini.

Malipo ni hivi, kuanzisha maongezi elfu mbili, kujibu mia tano. Miezi ya kwanza hulipwi chochote, inaitwa kupasha moto, uzoeleke kwanza. Unapewa maelekezo. Usiandike kama tangazo. Kosea herufi. Uliza, usijibu, mwache mwingine ajibu. Na lazima utaje kasoro moja ndogo, ile isiyomzuia mtu kununua. Kaka Spoku kile kifuniko hakivuji. Kimeandikwa kwenye maelekezo, "lalamikia kifuniko".

Mlima nao ulikuwa umeandikwa, ulitoka kwenye maandishi ya Mbeya, nikabadilisha jina la mahali tu kwa sababu niliandika usiku nina usingizi. Na ile namba B pia ni mimi, laini ya pili.

Wale watatu waliolalamika ndo wananisumbua. Kuwajibu wale ilikuwa buku kila mmoja, maana kuzima lalamiko bei yake ni mara mbili ya kujibu kawaida. Mmoja alikuwa ananifundisha kukaza spoku.

Nimeacha. Wiki mbili za mwisho hawajanilipa.

Mpinga_Chai

Umeacha kwa sababu ya dhamira au kwa sababu hawajakulipa?

kopo_tupu

Vyote braza. Ila kama wangelipa ningechelewa kuacha, siwezi kudanganya tena humu.

BintiDonge

Mdogo wangu hizo hobi nyingine kwenye hiyo Telegram zilikuwa zipi? Keki zilikuwepo?

kopo_tupu

Zilikuwepo dada. Keki, ndoana za uvuvi, njiwa, wafugaji kuku ndo walikuwa wengi zaidi. Kwenye geimu za simu watu walikuwa hawataki, wanasema watoto wa geimu wanashtuka haraka. Wanapenda makundi ya watu wazima wanaoheshimiana.

Mzee_wa_Phoenix

Mimi ndiye niliyefiwa. Kuandika huku sijui sana, mjukuu ananisaidia.

Kijana, ile elfu tano uliyonitumia ilikuwa yako au ya kwenye maelekezo?

kopo_tupu

Ilikuwa yangu babu. Wallahi yangu. Na sijui nithibitishe vipi.

Mzee_wa_Phoenix

Basi nimeipokea.

Spoku_Mbovu

Hapo pa babu nimekaa kimya muda mrefu.

Mie nilipofungua uzi nilikuwa na hasira ya cheni na friwili. Sasa naona cheni si kitu, nitanunua nyingine. Tatizo sasa hivi kwenye grupu mtu akiuliza breki gani nzuri kunakuwa kimya. Zamani tulikuwa tunagombana, wa hii na wa ile, mpaka admini anafunga. Jumatano mwenzetu mmoja kamsifia fundi wangu yuleyule wa rula, mzee wa watu hana hata simu ya tachi, na bado chini ya posti mtu kaweka emoji ya pesa. Yaani tunamkagua fundi wa barabara ya kumi na mbili kama vile ana ofisi ya matangazo Dar.

Jirani_Mikanjuni

Kaka Spoku naomba nikuulize na usikasirike. Mwaka juzi ulivyokuja na zile tairi nyeusi zenye mstari mwekundu, ukatuambia hazina mpinzani kwenye miba ya mkonge, nikanunua pea. Duka lile ulinunua bei gani?

Spoku_Mbovu

Duh.

Nilipewa nusu bei. Mwenye duka alisema "nisemee kwa wenzio" na mie nikasema. Tairi zilikuwa nzuri kweli na mpaka leo natembelea moja, lakini bei niliyopewa sikuitaja, na wewe ukalipa kamili. Kama ningeanza na "jamaa kanipunguzia" ungenunua?

Jirani_Mikanjuni

Ningenunua. Ila ningeomba na mimi nusu bei 😂

Nilikuwa_Agency

Hiyo ndo kanuni nzima mkuu na umeisema bila kusoma. FTC wana mwongozo wao wa watu wanaosifia bidhaa, upo toka 1980, na 2009 wakauongezea mambo ya mabloga. Hawakatazi mtu kusifia. Wanataka kama una uhusiano na muuzaji, umelipwa, umepewa bure, umepunguziwa, useme wazi pale pale unaposifia, msikilizaji apime mwenyewe. 2024 ndo wakatoa kanuni inayopiga marufuku kabisa kununua na kuuza sifa za uongo.

Mkonge_Juu

Admini wa grupu yumo humu? Napendekeza kuanzia leo mtu akisifia kitu aseme kakipataje, kanunua, kapewa, au ni cha shemeji yake. Maneno matatu tu. Na asiyewahi kutoka na sisi Jumamosi hata mara moja asitushauri kitu cha kununua.

Mpinga_Chai

Kijana alitoka nanyi mara mbili na akala chai ya Spoku. Hiyo ya Jumamosi haisaidii kitu.

Mkonge_Juu

Mara tano basi.

BintiDonge

Na huyu kijana mmemfanyaje, mmemtoa?

Spoku_Mbovu

Namba A ipo, namba B imetolewa. Watu wamegawanyika, kuna wanaosema atoke na kuna wanaosema abaki akae kimya miezi mitatu. Mie sijapiga kura. Kila nikitaka kupiga nakumbuka zile tairi.

kopo_tupu

Kaka Spoku mimi friwili ya gia saba ya mtumba ninayo nyumbani, meno mazima, niliitoa kwenye ile baiskeli yangu ya kwanza. Siiuzi. Kama utaitaka nakuletea.

Spoku_Mbovu

Ipeleke kwa fundi barabara ya kumi na mbili aiangalie kwanza. Na oili usiiguse.

Mzee_wa_Phoenix

Jumamosi hii mnakwenda wapi? Mimi cheni yangu sijawahi kuipima toka niinunue, mjukuu anasema ihesabiwe pini ishirini na nne.

Spoku_Mbovu

Tunaanzia Raskazone babu, saa kumi na moja na nusu, kisha Pongwe na kurudi, polepole. Njoo nayo tutaipima hapohapo kabla hatujaondoka. Mwenye rula aje nayo, ya mjukuu wa fundi imerudi shule.